Simu moja, ramani mbili: zana za kutafutia kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam

Simu nyingi zinazouzwa Kariakoo huja na Google na Google Maps zikiwa tayari ndani, na wanafunzi wengi wa Mlimani, Ardhi na vyuo vingine vya Dar humaliza miaka yao mitatu bila kupekua zaidi ya hapo. Tuanze na hukumu, maelezo yafuate. Kwa kutafuta duka, ofisi na hali ya foleni, Google Maps haina mpinzani mjini hapa. Kwa mtembea kwa miguu asiye na bando, ni programu butu, na Organic Maps inaiacha mbali. Kwa daladala usitegemee hata moja, muulize konda. Upande wa masomo, Google Scholar ndiyo zana bora ya bure ya kutafutia makala za kitaaluma, mradi usikiamini kitufe chake cha kunukuu. Google ya kawaida ni kali kwa anayejua kuiamuru, na inakula muda wa asiyejua.

Bando likiisha

Kuna dhana moja ya kuondoa kwanza: GPS haili bando. Simu hupokea mawimbi ya satelaiti bure, kama redio inavyopokea matangazo. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe na utafutaji wa majina. Ndiyo maana ukizima data kitone cha buluu huendelea kutembea juu ya ukurasa mtupu, na mtu akadhani ramani imekufa.

Kuna tofauti moja tu ya kweli. Simu yenye data huambiwa na mtandao satelaiti ziko wapi, ikajipata ndani ya sekunde chache. Isiyo na data lazima isikilize kila satelaiti ikitangaza njia yake, tangazo linalochukua kama sekunde 30 na kuanza upya mawimbi yakikatika. Kwa hiyo usianze kutafuta ukiwa umebanwa katikati ya daladala au ndani ya ukumbi wa mihadhara. Toka nje, simama mbali na ukuta, usubiri dakika moja au mbili bila kuhangaika na skrini. Kitone kikiwa na duara kubwa la buluu, simu inakiri kuwa haijui vizuri ilipo. Kagua pia ruhusa: Android za karibuni huuliza kama programu ipewe mahali halisi au pa kukadiria, na aliyechagua pa kukadiria atalaumu ramani bure.

Kupakua ramani ya Google ni rahisi. Ukiwa kwenye waifai ya maktaba, gusa picha yako juu kulia, ingia sehemu ya ramani za nje ya mtandao, kisha uchague eneo mwenyewe. Kitatokea kisanduku, uvute ramani mpaka kimeze kuanzia Kibaha hadi Kigamboni, na kutoka Bunju hadi Mbagala. Ukubwa wa faili huandikwa kabla hujabonyeza, hivyo mwenye simu iliyojaa video ajue mapema cha kufuta.

Sasa kasoro, na ni kubwa. Bila mtandao Google Maps hutoa maelekezo ya gari tu. Ya miguu hayapo, ya usafiri wa umma hayapo, foleni haionekani, na njia mbadala hupewi. Kwa mwenye gari hilo ni jambo dogo. Kwa mwanafunzi anayetoka Mabibo Hosteli kwa miguu ni karibu sawa na kukosa ramani, kwa sababu njia ya gari inakwenda kugeuzia mbali kwenye barabara yenye ukuta katikati, wakati kichochoro cha dakika tatu kipo pembeni. Unaweza kuitazama ramani na kujipangia mwenyewe, lakini hapo kazi umeifanya wewe.

Kasoro ya pili huwakuta wengi katikati ya muhula. Ramani iliyopakuliwa ina tarehe ya mwisho. Zikibaki siku 15 au pungufu programu hujaribu kuisasisha yenyewe, ila kwa mpangilio wa kawaida hungoja waifai. Anayeishi kwa bando la simu peke yake hafikiwi, na siku moja anakuta ramani imetoweka. Dawa ipo palepale penye orodha ya ramani: ama uisasishe kwa mkono, ama ubadili mpangilio uruhusu data ya simu.

Organic Maps, na kwa nini Dar imechorwa vizuri

Organic Maps ilitoka mwaka 2021, ikiwa tawi lililojitenga na Maps.me. Ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti. Unapakua ramani ya Tanzania mara moja na kila kitu kinafanyika ndani ya simu: kutafuta, kupanga njia ya miguu, ya baiskeli au ya gari. Bando halihitajiki tena mpaka siku ya kusasisha.

Data yake inatoka OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuichora. Hapo Dar es Salaam ina bahati isiyo ya kawaida. Tandale ilichorwa mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakishirikiana na wenyeji, wakaandika nyumba kwa nyumba, mfereji kwa mfereji. Kwa hiyo vichochoro unavyoviona kwenye Organic Maps ukiwa uswahilini vilitembewa na watu wenye daftari na GPS. Ni kazi ya kaka na dada zenu wa chuo, na inaonekana.

Faida yake kwa mwanafunzi anayetafuta geto ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Dalali akikutumia pini ya chumba Sinza, Tandale au Manzese, ifungue Organic Maps na ukuze mpaka mistari ya buluu ionekane. Mfereji au tawi la Mto Ng'ombe likipita mita chache kutoka ukutani, umeshajua masika yatakuwaje, hata kama chumba kimepakwa rangi juzi na bei yake inavutia. Uliza majirani maji hufika wapi kabla hujatoa kodi ya miezi sita.

Halafu pima umbali. Hapa kosa ni kutumia kipimo cha mstari mnyoofu, kile kinachotokea Google Maps ukishikilia sehemu kwa kidole na kuchagua kupima. Mstari huo unaruka juu ya kuta, makorongo na mageti. Omba njia ya miguu kutoka pini hadi ukumbi unaosomea, si hadi geti la chuo, maana kutoka getini hadi darasani napo pana mwendo wake. Organic Maps itakuchorea pia mchoro wa kupanda na kushuka, jambo lenye maana kwenye chuo kilichoitwa Mlimani kwa haki. Chumba cha Changanyikeni na cha Savei vinaweza kukaribiana kwa mita, visikaribiane kwa jasho.

Udhaifu wake usifichwe. Kutafuta majina ni kugumu: ukiandika Savei na aliyechora aliandika Survey, unaweza kurudi mikono mitupu, wakati Google huelewa tahajia zote mbili. Maduka mengi hayamo, au yamo na yalishahama. Foleni haioni kabisa. Ukirekebisha jina la mahali, marekebisho hayatokei papo hapo; yanasubiri toleo lijalo la ramani.

Kwa hiyo ziweke zote mbili na uzipe kazi tofauti. Tafuta jina kwenye Google Maps ukiwa na data, shikilia pini, nakili namba zake za latitudo na longitudo, kisha uzibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha Organic Maps. Umeshapata njia ya miguu ya bure.

Namba hizo zina mitego miwili ya kudumu. Mlimani iko karibu na -6.78, 39.20. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya 6, umejihamishia Ethiopia. Ukigeuza mpangilio, 39.20 ikatangulia, umefika Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Wa kwanza huwapata wanaonakili kwa mkono. Wa pili huwapata wanaoingiza jedwali kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, kwa sababu yenyewe huita longitudo X na latitudo Y, kinyume cha mpangilio wa Google. Nukta zako za utafiti zikionekana zimerundikana Ulaya, usifute kitu. Badilisha safu mbili tu. Kuhusu tarakimu, nne baada ya nukta ni kama mita 11, tano ni kama mita 1. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea mita kadhaa, hivyo tarakimu saba au nane ni mapambo.

Wa jiografia na upimaji waongeze jambo moja. Ramani za karatasi za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu na Google hutumia WGS84. Ukiweka moja juu ya nyingine bila kubadili mfumo, barabara zitaachana kwa mamia ya mita. Si simu iliyokosea. Dar iko ukanda wa UTM 37 Kusini: msimbo wa EPSG, namba ya kuutaja mfumo kwenye QGIS, ni 32737 kwa WGS84 na 21037 kwa Arc 1960.

Daladala, mwendokasi na saa za kudanganya

Nairobi walitangulia: njia za matatu zilikusanywa kwa simu na mradi wa Digital Matatus, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2015 zikaingia Google Maps. Huku kwetu mwongozo wa daladala bado ni ubao wa mbele wenye majina ya vituo vya mwanzo na mwisho, rangi ya mstari ubavuni, na sauti ya mpiga debe. Ramani ina kazi mbili tu hapo. Ya kwanza ni kukuonyesha kituo kipi kiko karibu na unakokwenda, ili uulize gari la huko. Ya pili ni kufuatilia kitone ukiwa ndani, ambako hakuna tangazo la kituo. Kikibaki kituo kimoja anza kusogea mlangoni, na ukisema "shusha" useme kwa sauti.

Muda unaoandikwa na Google Maps ni wa gari dogo. Hauhesabu dakika za kusubiri gari lijae Mawasiliano au Makumbusho, wala kusimama kila kituo. Kwa mtihani wa saa mbili asubuhi, usitazame muda wa sasa hivi usiku ule. Kwenye njia ya gari fungua chaguo la muda wa kuondoka au kufika, weka siku na saa yenyewe, usome kile kiwango cha juu cha makadirio. Kisha uongeze kusubiri.

Kwenye Barabara ya Morogoro kosa linageuka upande wa pili. Mwendokasi, iliyoanza 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, ina njia yake, hivyo ramani ikiwa nyekundu tupu Ubungo basi hilo huenda linapita tu. Tatizo lake ni foleni ya watu kituoni, na hiyo hakuna programu inayoiona.

Siku ya mvua kubwa, tilia shaka Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa barabara hufungwa, na ramani hujua hilo kwa kuchelewa, kwa kuwa rangi za foleni zinatokana na mwendo wa simu zilizo barabarani: barabara isiyo na magari inaweza ikaonekana haina tatizo. Siku hizo taarifa ya redio ni bora kuliko rangi ya kijani.

Kuhusu maduka, Google Maps ni tajiri ila ina makaburi mengi. Steshenari ya kuchapisha na kubandika jalada la ripoti inaweza kuwa na nyota tano na ilishageuka saluni. Kabla hujapanda gari, panga maoni kwa kuanzia mapya na utazame tarehe ya picha ya mwisho. Kama maoni ya mwisho yana miaka mitatu, piga simu kwanza. Saa za kufunguliwa zilizoandikwa ziamini kwa benki na maduka ya Mlimani City; kwa mama lishe na vibanda vya kuchapishia, ni nia njema tu.

Kumwelekeza mtu nyumbani bila kutaja "mbele ya mwembe, kata kushoto", tumia msimbo wa Plus. Shikilia sehemu kwenye Google Maps na utauona: herufi na tarakimu nne, alama ya kujumlisha, kisha mbili au tatu, na jina la mji. Wenye mbili mwishoni unamaanisha mraba wa takriban mita 14 kwa 14, na unaweza kutumwa hata kwa meseji ya kawaida. Ukiandikwa kwa urefu wake, sehemu kubwa ya Dar huanza na 6G5X. Uzuri wake ni kwamba hautumii irabu yoyote, wala herufi L, wala tarakimu 0 na 1. Ukiona O au I kwenye msimbo uliotumiwa, aliyenakili amekosea, na huna haja ya kwenda kuhakikisha. Vibao vya namba vilivyowekwa katika operesheni ya anwani za makazi ya 2022 vinasaidia ukishafika mtaani. Usitegemee kuiandika namba hiyo Google Maps ikakufikisha mlangoni.

Kutafuta kwa Kiswahili

Hapa ndipo Google huwaangusha wengi, na sababu iko kwenye lugha yenyewe. Kiingereza hubadilisha mwisho wa neno, nayo mitambo ya kutafuta imezoea hivyo. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Mkulima, wakulima, kilimo: kwetu ni ukoo mmoja, kwa mashine mara nyingi ni majirani wasiosalimiana. Waite wote kwa pamoja, ukitenganisha kwa neno OR la herufi kubwa: mkulima OR wakulima OR kilimo. Ukiandika kwa herufi ndogo haifanyi kazi.

Kwa tasnifu na makala, fikiri kwa nomino. Mwanafunzi huandika "jinsi walimu wanavyofundisha fasihi", wakati majina ya kazi za kitaaluma huandikwa Ufundishaji wa, Matumizi ya, Tathmini ya, Uchanganuzi wa. Badili kitenzi chako kiwe nomino na majibu yatabadilika sura. Jaribu pia maandishi mawili ya istilahi zisizotulia: isimujamii na isimu jamii, kwa mfano. Halafu ongeza neno ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala. Makala za kitaaluma za Kiswahili karibu zote zina kichwa hicho, na blogu za kubandika maswali ya kidato cha nne hazina. Mfano kamili: isimujamii OR "isimu jamii" ikisiri filetype:pdf. Usiweke nafasi baada ya nukta mbili, la sivyo amri haisomwi.

Neno moja tupu ni kujitakia shida. Andika dunia na utaletewa pia kurasa za Kiindonesia, ambako neno hilo lipo kwa maana ileile. Ndege litakuletea tiketi kabla ya kunguru. Toa usichotaka kwa alama ya kutoa iliyoshikana na neno, ndege -tiketi -uwanja. Kwa ng'ombe na ng'ambo jaribu ukiwa na alama ya ritifaa na bila, kwani maandiko yaliyopigwa picha na kusomwa na mashine huipoteza. Na kuna PDF ambazo ni picha tupu. Maneno yake huenda mashine isiyasome vizuri, hivyo huweza zisitokee kwa yaliyomo ndani, ila kwa jina la faili au maelezo ya ukurasa wake.

Amri ya site: ndiyo yenye faida kuliko zote. Takwimu za idadi ya watu zichukue kwa mwenyewe: site:nbs.go.tz sensa 2022. Ukikuta namba kwenye makala bila chanzo, iweke ndani ya alama za kunukuu. "61,741,120", jumla ya watu wa Tanzania kwa Sensa ya 2022, itakurudisha kwa walioichapisha. Hukumu za mahakama ziko kwenye tovuti ya TanzLII, na wa sheria hana sababu ya kunukuu gazeti. Kwa mikopo na udahili, tazama mwisho wa anwani kabla ya kujaza chochote. Tovuti ya serikali inaishia .go.tz. Matokeo ya juu yenye alama ya tangazo yamelipiwa, na tovuti inayofanana na ya Bodi ya Mikopo lakini ikaishia vingine ifunge. Ratiba na almanaka za chuo zitafute kwa kuanzia ukurasa wa chuo chenyewe, kwa kuwa Google hupenda faili la zamani lililofunguliwa na wengi.

Muhtasari wa akili mnemba unaotokea juu ya majibu unafaa kwa maana ya neno usilolijua. Usiunukuu. Ukikupa jina la kitabu au makala, bandika jina hilo ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar. Isipoonekana, na kwenye katalogi ya maktaba isionekane, usiiweke kwenye marejeleo.

Google Scholar

Ilianza 2004 na sura yake haijabadilika sana, jambo ambalo ni sifa. Ukipata makala moja nzuri, usirudi kwenye kisanduku. Bonyeza idadi ya walioinukuu, chini ya kila tokeo, upate waliokuja baada yake. Makala ikidai malipo, bonyeza matoleo yote kabla ya kukata tamaa: nakala ya mwandishi huwa imewekwa kwenye hifadhi ya chuo fulani. Kiungo cha PDF kikiwepo huwa upande wa kulia kwenye kompyuta. Majarida mengi ya Afrika yako AJOL, tovuti inayoyakusanya pamoja, na mengi kati ya hayo husomwa bure. Kwa yaliyofungwa kabisa, muulize mkutubi kama chuo kina nywila ya Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ya kulipia bure au kwa bei nafuu. Wakutubi hawaulizwi hilo vya kutosha.

Mtego wa kwanza ni kupanga kwa tarehe. Mwanafunzi hubonyeza akitaka mapya yaje juu, akabaki na makala mbili, akaandika kwenye pendekezo lake kwamba "utafiti ni haba". Chaguo hilo huonyesha zilizoongezwa mwaka wa karibuni tu. Unachotaka ni kuweka mwaka wa kuanzia, 2018 kwa mfano, na kuacha mpangilio wa uhusiano.

Mtego wa pili ni kitufe cha kunukuu. Kinatoa APA, MLA, Chicago, Harvard na Vancouver tayari kwa kubandika, na kinakosea kwa namna zinazojirudia. Majina matatu ya Kitanzania hugeuzwa, la ukoo likawa herufi ya mwanzo. Mwaka unaoandikwa huweza kuwa wa kupakiwa faili, si wa kuchapishwa. Kurasa hukosekana. Jina la makala ya Kiswahili lililopigwa chapa kwa herufi kubwa hubaki kubwa lote. Tasnifu ya uzamili huandikwa kama kitabu, au bila jina la chuo. Kagua kila rejeo kwa kulinganisha na ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe: jina, mwaka, jarida, juzuu na namba, kurasa. Dakika mbili kwa kila moja, wala usiziache zirundikane hadi usiku wa kukusanya kazi.

Na siku utakayoambiwa na Scholar kwamba mtandao wako una shughuli zisizo za kawaida, ukalazimishwa kuchagua picha za taa za barabarani mara kumi, usidhani simu ina virusi. Waifai ya chuo huweza kuwatoa mamia ya watu kwa anwani moja ya mtandao (IP), na Google inaona kama mtu mmoja anayetafuta kwa kasi ya mashine. Hutokea zaidi wiki za kukusanya tasnifu. Zima waifai, tafuta kwa data ya simu, ambayo kwa kurasa hizi za maandishi matupu hailiwi sana, hifadhi makala kwenye maktaba yako ya Scholar kwa alama ya nyota, kisha rudi kwenye waifai kuzipakua.